Kabati la Kufuli Mbili

Tibirinzi, mtaa wa mji wa Chake Chake unaojulikana Pemba nzima kwa uwanja wake, ambao siku za kampeni hujaa bendera na vipaza sauti na siku za Sikukuu hujaa watoto waliovaa nguo mpya, hauko mbali na hospitali ya mji. Nayo hospitali imesimama mahali palipokuwa na ngome kongwe, ambayo sehemu yake kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupisha majengo ya wagonjwa, na kipande kilichosalia kikafanywa makumbusho. Kwa hiyo kila aliye na mgonjwa wodini, akitoka Tibirinzi ama Wawi na kikapu cha uji na chupa ya chai, hupita ubavuni mwa kuta zilizojengwa kwa ajili ya kujihami. Makala haya nayo yanahusu ulinzi: ulinzi wa dawa ambayo karibu dola zote za ulimwengu zimeafikiana kuifungia, na mtu aliyepasuliwa tumbo ambaye, usiku wake wa kwanza, anaihitaji dawa hiyo kuliko uji.

Tuanze na usiku huo, maana ndipo shughuli ilipo. Mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida akapelekwa chumba cha upasuaji aghalabu hapigwi nusu kaputi kama walivyofanyiwa mabibi zake, bali hudungwa sindano ya mgongo, akawa macho muda wote, akasikia mikono ya matabibu ikivutavuta bila ya kusikia uchungu, na akamsikia mwanawe analia. Watu wa nyumbani hushukuru wakadhani makubwa yamepita. Lakini ganzi ya mgongo ina muda wake, nao ni saa mbili, tatu, au nne. Ikishaondoka, mshono uliopita katika ngozi, katika nyama na katika kizazi chenyewe huanza kudai haki yake, na madai hayo hufikia kilele siku ya kwanza, yakaendelea ya pili, ndipo yakaanza kulegea. Hali kadhalika kijana aliyeanguka mkarafuu msimu wa mavuno, akavunjika paja na kufungwa vyuma. Na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa busha au ngiri, ingawa huyu wa mwisho hupona upesi zaidi na hana mengi ya kusimulia.

Wako wanaosema kwamba maumivu hayaui, na kwamba mwenye kuvumilia siku tatu huondoka salama. Kauli hiyo haina ushahidi wa tiba. Mtu aliyepasuliwa tumbo ambaye kila pumzi inamkata huogopa kuvuta pumzi ndefu wala hathubutu kukohoa, makohozi yakatuama, mapafu yakaingia maradhi. Asiyeweza kugeuka kitandani hulala vivyo hivyo hata damu ikaganda miguuni. Mama anayeumwa sana hushindwa kumpakata mtoto ili anyonye. Na kwa baadhi ya watu maumivu makali yasiyotulizwa mapema huacha alama katika mishipa ya fahamu, hata kidonda kikishapona kwa nje ukabaki uchungu wa miezi na miaka. Kumtuliza aliyepasuliwa, basi, si hisani wala si kumdekeza. Ni sehemu ya upasuaji wenyewe, kama kushona kulivyo sehemu ya kukata.

Dawa zipo za daraja mbalimbali. Panadoli ya vidonge au ya maji ya mshipani, na diklofenaki ya sindano, zina kazi kubwa kuliko zinavyodhaniwa, hasa zikitolewa kwa pamoja na kwa saa maalumu, si kwa kungoja mgonjwa apige kelele. Tramadoli iko juu ya hizo kidogo. Lakini kwa mkato mkubwa na mfupa uliovunjika, dawa iliyo msingi wa tiba ni mofini, na jamaa yake pethidini, ambayo hospitali zetu za Afrika ya Mashariki zimeizoea mno ingawa nguvu yake hukaa saa mbili au tatu tu, na ingawa Shirika la Afya Ulimwenguni lilikwisha kuiondoa katika orodha yake ya dawa za lazima, huku mofini imo katika orodha hiyo tangu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977.

Na hapa ndipo linapoingia kabati. Katika wodi za Bara na Visiwani, na Kenya vilevile, wauguzi huliita kabati la DDA, kwa herufi za sheria ya Kiingereza ya dawa za hatari ya mwaka 1920, ambayo Waingereza waliieneza katika makoloni yao. Sheria imekwisha kufutwa na kuandikwa upya mara kadhaa, na walioileta wamekwisha kuondoka, ila jina lingali linatajwa kila siku. Kabati hilo huwa ndani ya kabati jingine, kila moja na kufuli lake. Ndani yake mna vichupa vichache vilivyohesabiwa, na pembeni pana daftari ambamo kila kichupa kinachotoka sharuti kiandikwe jina la mgonjwa, saa, kipimo, sahihi ya aliyedunga na sahihi ya shahidi, na kichupa kitupu kirudishwe. Anayeruhusiwa kuandika cheti cha dawa hiyo ni daktari. Muuguzi hawezi kuanza kwa rai yake, hata awe amekaa wodini miaka ishirini na kila usiku anaona kwa macho yake nani anahitaji nini. Alasiri, wakati sindano ya mgongo bado inafanya kazi na mgonjwa anatabasamu, daktari hupita, huandika panadoli, huenda zake. Saa nne za usiku ganzi imetoka, daktari wa zamu ni mmoja na amezama katika upasuaji mwingine, ufunguo anao msimamizi wa zamu aliye wodi ya pili, na shahidi wa kutia sahihi hajapatikana. Hapana aliyevunja wajibu wake hata mmoja, na mgonjwa anakesha.

Sisemi kwamba tahadhari hii haikuwa na sababu. Afyuni, ambayo ndiyo asili ya mofini, ni tunu ya kale na balaa ya kale. Ibn Sina aliieleza katika vitabu vyake vya tiba kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi ya kutuliza, naye hakuficha kuwa huweza kuua. Na mwanzoni mwa karne ya 19, huko Ujerumani, mfamasia kijana Friedrich Sertürner alipoitoa mofini kutoka katika utomvu wa mpopi, alijijaribia mwenyewe pamoja na wenzake na nusura wapate madhara makubwa. Karne hiyohiyo mataifa ya Ulaya yalipigana na China ili yaachiwe kuiuza afyuni, na karne iliyofuata mataifa hayohayo yakakutana The Hague mwaka 1912 kuwekeana mkataba wa kuizuia, jambo ambalo msomaji ana ruhusa ya kulicheka. Mkataba unaotawala mpaka leo ni ule wa New York wa mwaka 1961. Aghalabu hutajwa kwa makatazo yake, ilhali katika utangulizi wenyewe, kabla ya katazo lolote, umekiri kwamba matumizi ya dawa hizi katika tiba hayana budi kuwapo kwa ajili ya kuondoa maumivu, na kwamba ni wajibu kuhakikisha zinapatikana. Kwa hiyo wajibu ni wa aina mbili, kuzuia na kutosheleza, nao umeandikwa katika karatasi moja. Wa kwanza umepewa askari, mahakama na magereza, na wa pili hauna askari.

Zanzibar ina sababu ya ziada ya kuogopa, nayo si ya kubuni. Tangu miaka ya 1980 unga, yaani heroini, umeingia visiwani kwa njia ya bahari na ya anga, ukitokea Asia, na hakuna mji wa Unguja au Pemba ambao haukupoteza vijana kwa huo. Nyumba za waliotaka kuacha, ambazo watu wamezoea kuziita soba, zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000. Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria namba 9 ya mwaka 2009, kisha mwaka 2021 ikaundwa Mamlaka yenye nguvu zaidi ya kupambana na dawa za kulevya. Mzazi wa Tibirinzi aliyemuona mtoto wa jirani akigeuka teja, akauza hata milango ya nyumba ya mama yake, hawezi kulaumiwa akishtuka kusikia kwamba binti yake aliyepasuliwa atadungwa kitu cha ukoo mmoja na unga.

Lakini tuangalie mlango gani unavuja. Heroini ya Pwani yetu husafirishwa kwa majahazi kutoka ufuo wa Makran, kwa mizigo ya mamia ya kilo, ikapokelewa baharini na kusambazwa na watu wasiojua wodi ya upasuaji ilipo. Haikutoka katika vichupa kumi vya kabati la hospitali, vyenye miligramu kumi kila kimoja. Kufuli la pili la kabati halimzuii nahodha, linamchelewesha muuguzi. Fauka ya hayo, serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba dawa za ukoo huu zinaweza kugawiwa kwa utaratibu na zikaleta kheri: tangu mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu mjini Unguja, waathirika wa unga hupewa methadoni kila siku, wakainywa mbele ya macho ya muuguzi, na methadoni katika mkataba wa 1961 imo katika jedwali lilelile moja na mofini. Tumeweza kumwamini muuguzi ampe kila siku mtu aliyetawaliwa na uraibu. Haiwi mushkili kumwamini ampe siku mbili mama aliyejifungua, ambaye kwake, kwa muda mfupi kama huo na chini ya uangalizi, hatari ya uraibu ni ndogo mno.

Wapo pia wenye shaka ya dini, na katika kisiwa ambacho madrasa hazihesabiki shaka hiyo inastahili jawabu la kielimu. Sisi wengi wetu ni watu wa madhehebu ya Shafi, na miongoni mwa maimamu wakubwa wa madhehebu hayo ni an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Yeye alilizungumza suala lililo karibu kabisa na letu: mtu ambaye kiungo chake kinaliwa na maradhi na hapana budi kikatwe, je, inajuzu kupewa kitu cha kumwondolea akili ili asihisi? Akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu. Hapo palikuwa hapajapatikana sindano wala mofini, karne tano na ushei kabla ya Sertürner, na mwanachuoni wa Sham alikwisha kumaliza ubishi ambao wengine bado wanauanzisha vibarazani. Kanuni ya fiqhi kwamba madhara huondolewa haikumbagua mwenye mshono.

Lipo jambo gumu zaidi kuliko sheria na fatwa, nalo ni adabu yetu wenyewe. Mwenye kuijua Pemba anayajua mazungumzo haya, ambayo hupita kila wodi kila asubuhi:

“Umeamkaje, bi mkubwa?”

“Alhamdulillahi, mwanangu.”

“Unaumwa?”

“Kidogo tu. Tunashukuru.”

Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo, akaenda kitanda cha pili. Bibi yule, ambaye vidole vyake vimeukamata ukingo wa godoro, hakusema uwongo. Amemshukuru Mola wake kama alivyofunzwa, na ameona haya kumshughulisha kijana wa watu ambaye ana vitanda thelathini. Mwanamke aliyelelewa kuzaa bila ya kupiga ukelele, na mwanamume aliyefunzwa tangu jando kwamba kulia ni aibu, wataulizwa juu ya maumivu kwa maneno yaleyale ya kujuliana hali, nao watajibu kwa majibu yaleyale ya kujuliana hali. Subira ni sifa njema. Ila haikuwekwa iwe kipimo cha dawa. Ndiyo maana matabibu wa siku hizi hupendelea kuuliza kwa hesabu: kutoka sifuri mpaka kumi, ambapo sifuri ni kutoumwa kabisa na kumi ni uchungu usiofikirika kuzidi, wewe uko wapi? Na umuulize akiwa amelala kimya, kisha umuulize anapokohoa au anapogeuka, maana tofauti ya majibu mawili hayo ndiyo habari yenyewe. Bibi wa alhamdulillahi, akiulizwa hivyo, husema saba bila ya kujisikia amekufuru.

Hofu ya wauguzi nayo tusiidharau. Mofini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua, na muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku anajua kwamba mgonjwa akifa kwa maumivu hakuna atakayeandikiwa barua, ilhali mgonjwa akilala asiamke baada ya sindano, daftari lina sahihi yake. Dawa ya hofu hii ni elimu na vifaa: kuanza kwa kipimo kidogo na kukirudia, kuhesabu pumzi, kumwangalia mgonjwa anasinzia kiasi gani, na kuwa na nalokisoni karibu, ambayo huirudisha mofini nyuma kwa dakika chache. Hospitali mpya za wilaya zilizojengwa Pemba katika miaka hii, Vitongoji, Kinyasini na Micheweni, pamoja na Abdalla Mzee ya Mkoani iliyojengwa upya kwa msaada wa China, zimeongeza vyumba vya upasuaji, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila chumba cha upasuaji kinachofunguliwa huzaa usiku mwingine wa kwanza, na usiku huo hauzinduliwi kwa utepe.

Jirani zetu wamekwisha kutangulia. Uganda, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, akaleta utaratibu wa mofini ya maji: unga wa mofini ukachanganywa na maji na kihifadhi, ukatiwa rangi kulingana na nguvu yake ili asiyejua kusoma asikosee, na gharama ikawa ndogo kupita matarajio. Aliwalenga wagonjwa wa saratani na wa ukimwi, si waliopasuliwa. Lakini faida kubwa ilikuja katika sheria, kwani mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu wasaidizi waliosomea tiba shufaa waandike cheti cha mofini wenyewe, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mofini haikufurika barabarani Kampala. Huku kwetu Tanzania, kwa miaka mingi mwenye kuhitaji mofini ya maji alilazimika kuifuata Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi ya saratani ambayo jengo lake ni la enzi ya Wajerumani, mpaka ilipoanza kupelekwa hospitali nyingine. Na kwa mtu wa Pemba safari hiyo ilikuwa ya bahari mara mbili, kwenda na kurudi, kwa ajili ya chupa.

Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet ilikokotoa kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi hupata tani 0.1 tu, na kwamba upungufu wa ulimwengu mzima ungeweza kuzibwa kwa dola milioni 145 kwa mwaka, lau nchi zote zingenunua kwa bei ya chini kabisa iliyopo. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imezama katika msiba wa upande wa pili, ulioanza kampuni ya Purdue ilipoipeleka sokoni dawa ya jamii hiyohiyo iitwayo OxyContin mwaka 1996 na kuwashawishi madaktari waiandike ovyo, hata kampuni ikakiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Msiba ule hutajwa mara nyingi katika semina zetu kuwa ni onyo, na onyo ni halali; ila ajabu ni kumnyima mtu maji ya kunywa kwa sababu jirani amezama kisimani.

Sheria ya visiwani haihitaji kulegezwa dhidi ya mfanyabiashara wa unga hata kwa nukta moja. Kinachohitajiwa ni vifungu vichache vya kanuni vitakavyosema kwamba muuguzi aliyefunzwa, katika wodi ya upasuaji, kwa mwongozo ulioandikwa, anaweza kuanza na kurudia kipimo cha mofini katika saa 48 za mwanzo. Kwamba daktari wa upasuaji aandike dawa ya usiku kabla ya ganzi kutoka, si baada. Na kwamba ufunguo ukae wodini pale walipo wagonjwa. Jamaa wa mgonjwa naye ana haki ya kuuliza, kwa adabu na kabla ya upasuaji, swali ambalo halivunji sheria yoyote: dada, usiku akiumwa, ameandikiwa nini, na nani wa kumpa?

Na daftari lijazwe sawasawa, kwa sababu ambayo wengi wodini hawakuambiwa. Kila nchi iliyotia sahihi mkataba wa 1961 hupeleka Vienna, kwa bodi ya kimataifa inayosimamia dawa hizi, makadirio ya kiasi itakachohitaji mwaka unaofuata, na kila shehena hupita kwa kibali cha anayeagiza na kibali cha anayeuza. Makadirio hayo kwa kawaida hujengwa juu ya kilichotumika. Wodi ambayo haikutumia, kwa kuwa ufunguo haukuonekana ama bibi alisema alhamdulillahi, huhesabiwa kuwa haikuhitaji, na mwaka wa pili huagiziwa kidogo. Kisha huambiwa kuwa dawa ni adimu. Siku ya mwisho ya kupeleka makadirio hayo ni tarehe 30 Juni, kila mwaka.